Marobota Sita ya Kutu

Guangzhou, Jumapili mchana

Kaka Twaha,

Shikamoo. Mguu wa Bibi unaendeleaje, bado anaufunga kitambaa chenye mafuta ya karafuu au amekubali ile dawa ya hospitali? Na wewe macho yako? Mama anasema siku hizi unaikodolea simu kama mtu anayesoma maandishi ya kwenye kichupa cha dawa, na anataka ukapimwe kabla hujachora ukurasa mwingine hata mmoja. Mimi mzima. Mama mzima pia, isipokuwa mafua, maana huku tumeingia ule wakati wa mwaka ambapo kuta zinatoka jasho. Sikutanii. Ukuta wa ngazi unalowa kabisa, ukipitisha kidole unabaki mstari, na shati la shule nililoanika Ijumaa nitalivaa kesho likiwa bado na unyevu. Komeo la dirisha letu limeshika kutu. Juzi nililitazama nikacheka peke yangu, na ukifika mwisho wa barua utajua kwa nini.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ile tuliyokubaliana zamani, kwamba mambo ya Sumaku, kitabu chetu cha picha, yasafiri kwa mkono, yasipigwe picha. Kuna mama mmoja wa Kariakoo anarudi nyumbani Alhamisi na amekubali kubeba bahasha, ilimradi isiwe nzito. Ya pili ni kwamba nina jambo ambalo kwenye simu nisingelimaliza. Unanijua. Wewe ungesema, "Sema basi, Mwalimu," kama unavyopenda kuniita, nami ningesema, "Hamna kitu," tungeishia kuzungumzia mvua.

Nianze na barua yako. Umeandika kwamba toleo la saba liwe mwisho wa Kutu. Umeshachora hata rasimu: Sumaku amesimama juu ya mnara, mikono ameinyoosha, vyuma vyote vya mji vinaruka kumfuata, na Kutu anaanguka baharini mdomo wazi. Mchoro ni mzuri. Vidole vya Kutu umevipatia mno, nilivitazama mpaka nikamwonea uchungu, na nadhani hukukusudia hivyo. Unasema wateja wa kinyozi wamechoka. Kila ukipeleka nakala mpya pale kibandani wanakuuliza, "Huyu adui anakufa lini?" Na kinyozi mwenyewe amekwambia steringi anayesamehesamehe hana mvuto, watu watarudi kutazama mpira.

Tangu nikiwa na miaka tisa, wewe ukichora na mimi nikijaza maneno, sijawahi kukupinga. Ulipotaka Sumaku awe msichana anayevuta chuma kwa viganja, nilikubali. Ulipotaka adui yake awe mtu anayegusa chuma kikaoza papo hapo, nikampa jina. Leo nakupinga. Usinicheke, nimeandika sentensi hii mara tatu.

Unasema nikitaka Kutu ahurumiwe si kazi, tumwongezee ukurasa mmoja wa utotoni: baba wa kambo, mkanda, mvua inanyesha. Kaka, ukurasa huo wa mvua nimeukuta katika nusu ya vitabu vya mashujaa vilivyomo kwenye maktaba ya shule yetu. Mtoto anapigwa, ukurasa unaofuata amekuwa mkubwa na anabomoa mji, nasi tunatakiwa tuseme masikini. Mimi huwa sisemi. Huwa nafunua tu. Kuonewa kunanionyesha kwamba mtu ana kidonda, lakini hakunielezi kwa nini amechagua hiki alichokichagua. Wewe yule mwalimu wa hesabu alikupiga bila kosa mwaka mzima, na shule hukuichoma.

Mpaka mwezi uliopita nilijua tu kwamba jibu lako silipendi. Langu sikuwa nalo. Sasa ninalo kidogo, ila nimelipata kwa njia ninayoionea haya.

Jumamosi huwa nakwenda na Mama kwenye godauni. Ni hapo mzigo wake na wa wale akina mama watatu wa Dar unapokusanywa, unakandamizwa, unazungushiwa turubai la nailoni, unashonwa mdomo na kuandikwa alama kabla ya kupanda kontena. Anayefunga ni mzee mmoja tunayemwita Shifu, ndivyo huku wanavyomwita fundi wanayemheshimu. Ana mikono mifupi yenye nguvu, na sindano ndefu kama shubiri yangu. Kwa miaka minne hakuna robota la Mama lililopasuka njiani. Kiswahili anajua maneno manne: mama, bado, poa, na haraka haraka. Hilo la mwisho hulisema pale anapofanya jambo polepole kuliko yote, huku akinitazama aone kama nitacheka. Nami hucheka.

Alama ya Mama ni MT MAGOMENI, yaani Mama Twaha wa Magomeni. Kwa hiyo jina lako ndilo linalovuka bahari. Shifu hasomi herufi zetu. Anazinakili kama wewe unavyonakili picha, mstari kwa mstari. Kazi yangu ni kuandika alama kwenye kipande cha boksi, yeye anakisimamisha mbele yake, anachovya brashi kwenye rangi nyeusi na kuandika kila robota.

Ile Jumamosi ya Januari tulikuwa na marobota sita ya sweta za kijani za shule, mzigo wa Shangazi Mwantumu. Zilitoka kwenye karakana moja ya mtaa wa Kangle, na msichana aliyetuletea aliniuliza kama Dar kuna barafu. Nilimwambia hakuna, jua tupu, ila sweta ni sheria ya shule. Akanitazama kama aliyeambiwa samaki huvaa soksi. Mama alikuwa soko la Zhanxi akimalizia kununua viatu. Mimi mkobani nilikuwa na vipande viwili vya boksi. Kimoja kilikuwa na alama. Cha pili nilikishughulikia wiki nzima: neno KUTU kwa herufi pana zilizolika pembeni, matone yakichuruzika chini. Nilitaka kukutumia kiwe mfano wa jalada. Shifu akanyoosha mkono. Mimi nilikuwa kwenye sura ya mwisho ya kitabu. Nikatoa kipande mkobani bila kuinua macho, nikampa, nikaendelea kusoma.

Kontena limefika Dar. Mizigo yote ya akina mama ikatoka, ya Mama ikatoka, marobota sita hayapo. Karani wa huko akasema ametafuta MT kila kona. Wewe mwenyewe ulimsikia Shangazi kwenye simu, sauti ilivyomkauka, kwa sababu ameshawaahidi wazazi wa shule mbili.

Mama aliamua kwamba Shifu ameyachanganya na mzigo wa mtu mwingine. Tukaenda. Kichina cha Mama ni cha bei na cha kukataa, hakifiki mbali, kwa hiyo mkalimani ni mimi.

"Mwambie nimefanya naye kazi miaka minne," Mama akasema, "sijawahi kumuuliza swali. Leo nauliza marobota yangu yako wapi."

Nikamwambia. Shifu akasema aliandika alichopewa.

"Wewe ulimpa sahihi?" Mama akanigeukia.

"Sahihi, Mama. Nilimpa kwa mkono wangu."

Sikudanganya, kaka. Niliamini hivyo.

"Basi mwambie mzigo wangu kuanzia leo utafungwa na mtu mwingine."

Nilitafuta neno laini la Kichina sikulipata, au nilikuwa naogopa kulitafuta mbele ya watu. Nikasema kama lilivyo. Shifu akafuta brashi yake kwa kitambaa, mara mbili, akaiweka. Akasema, "Poa." Kwa Kiswahili. Wala hakunitazama aone kama nitacheka.

Wale akina mama wengine watatu wakamfuata Mama. Kufikia Jumatatu mzee hakuwa na mzigo hata mmoja wa Waswahili.

Siku ya tatu, nimetoka shule, nikafungua bahasha nilimokitia kile kipande kilichobaki mkobani bila kukitazama, nikutumie ile KUTU ya jalada. Kikatoka kipande cha boksi: MT MAGOMENI. Kisafi, hakina tone la rangi.

Nilikaa siku kumi na moja bila kusema.

Niliijua dawa tangu dakika ya kwanza. Neno moja tu kwa Mama, Mama angempigia karani, karani angetafuta jina jingine, Shangazi angepata sweta zake na Shifu kazi yake. Neno moja. Lakini nilikuwa na sababu. Mama aliwahi kusema kwamba siku Sumaku akiingia kwenye kazi au masomo yangu, madaftari yote atayafungia mpaka nimalize shule. Kweli alisema. Nilikuwa na mtihani wa kemia, na kweli ulikuwa mgumu. Mama alikuwa na homa. Shifu ni fundi hodari, atapata wateja wengine, na hilo nalo lilikuwa na ukweli ndani yake. Kila asubuhi nilikuwa na sababu ya kweli. Uongo ningeugundua nikajionea haya. Hizo za kweli zilinishika mkono kama rafiki.

Nikaanza kuwa mwema sana. Nikiwa na wema huo, nikapitia godauni na vitumbua vya Mama kwenye bakuli. Shifu alikuwa amekaa nje kwenye kigoda cha plastiki, anasubiri vibarua vya kubahatisha. Alikula viwili, akanimenyea chungwa, akanipa nusu. Akamwambia jirani yake mwenye mkokoteni, "Huyu binti ana moyo. Mama yake amekasirika, yeye bado anakuja." Nilielewa kila neno. Na kaka, nilitabasamu.

Usiku huo sikuandika kitu. Kesho yake, kipindi cha maktaba, nikafungua daftari niandike maneno ya Kutu ya toleo la saba, pale anapomweleza Sumaku kwa nini haondoi mkono wake kwenye daraja. Miaka saba nimehangaika na maneno ya Kutu. Unayakumbuka: "Nitaangamiza wote! Ha ha ha!" Siku ile yalitoka yenyewe, kurasa nne bila kufuta. "Nitaacha, lakini si leo. Kwanza hili moja limalizike. Wao ni wengi, hawatakosa pa kupita. Na nani amewahi kunishukuru?" Nikasoma tena nikaona ni mimi. Nilichobadilisha ni kemia tu, nikaweka daraja.

Ndiyo maana nakupinga. Adui anayeshika moyo wa msomaji, nadhani, si yule aliyelia zaidi. Ni yule mwenye sababu za kweli. Ukimsikiliza unaitikia kwa kichwa, moja, mbili, tatu, halafu unashtuka uko naye darajani na hukumbuki ulipoingilia. Na awe na wema, wema halisi wa chungwa na vitumbua, lakini huo wema usimzuie kutenda ubaya. Wakati mwingine ndio unaompa nguvu ya kuendelea nao. Zaidi ya yote pawe na dakika moja ambapo angeweza kuacha. Tuione. Tukae naye humo ndani, tujue kwamba hata sisi tungechelewa. Adui asiye na dakika hiyo ni mafuriko tu. Mafuriko hatuyachukii wala hatuyahurumii, tunapandisha vitu juu ya kabati.

Jumamosi asubuhi Mama alikuwa amekaa sakafuni anakunja sampuli za magauni. Nikasimama mlangoni.

"Mama, nina kitu."

"Kama ni kichwa, dawa iko juu ya friji."

Nikaweka kipande cha boksi mbele yake.

"Hii si ndiyo alama yangu?" akasema. "Si ndiyo aliyopewa Shifu?"

"Hakupewa hii."

"Alipewa ipi?"

"Ya Kutu."

"Kutu nani?"

"Adui wa Sumaku."

Mama aliacha kukunja. Akaziba mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Yaani sweta za watoto wa watu zimepanda meli na jina la jambazi wenu?"

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe umelijua hili lini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalikimbia. Nikasema, "Siku kumi na moja."

Akaacha kucheka. Nilisubiri aseme madaftari, hakuyataja. Akasema, "Vaa viatu."

Tulipita barabara ya Huanshi, yeye mbele mimi nyuma. Kwenye kivuko cha barabara, bila kugeuka, akarudisha mkono wake nyuma, kama alivyokuwa akifanya nilipokuwa mdogo. Nikaushika.

Tulipofika godauni Mama akaniambia, "Leo maneno ni yako. Ukimaliza ya kwako, utamfikishia ya kwangu."

Kichina changu, kinachopewa alama nzuri shuleni, kilinikimbia chote. Nilisema kama mtoto wa miaka miwili. Kosa langu. Boksi langu. Nilijua. Sikusema. Yule wa mkokoteni alisogea asikie vizuri.

Shifu alisikiliza mpaka mwisho. Akaingia ndani, akatoka na kopo lake la sindano. Chini ya sindano kulikuwa na kipande cha boksi kilichokunjwa: KUTU, na matone ya rangi yake juu ya matone niliyochora mimi.

"Nilidhani mama yako amebadilisha alama," akasema. "Nikasema hii ngumu, ina machozi. Nikayaweka yote, kila robota. Sikuruka hata moja."

"Anasemaje?" Mama akauliza.

Nikamtafsiria. Mama akageuka akautazama ukuta.

Shifu akaniuliza neno hilo lina maana gani. Nikamwambia ni kutu, ile inayokula chuma, na ni jina la mtu mbaya katika hadithi tunayotunga na kaka yangu. Akalitazama tena boksi.

"Anafanya kazi gani?"

"Ni adui. Anaozesha vyuma."

"Hiyo si kazi. Asubuhi akiamka, anakwenda wapi?"

Kaka, matoleo sita! Hatujui Kutu anakwenda wapi asubuhi.

Mama akamwomba radhi. Maneno yake yalikuwa marefu na mazuri, mengine sikujua kuyageuza, na Shifu alikuwa akipunga mkono, "Bado, bado," maana neno hilo hulitumia kwa kila kitu. Hakuniambia amenisamehe. Alitunga uzi kwenye ile sindano ndefu, akanipa, akanionyesha robota moja lililokuwa wazi. "Shona." Nilishona karibu saa nzima, vidole vikafanya malengelenge. Akaja, akatazama, akafumua yote. Nikashona tena. Akafumua. Mara ya tatu aliuvutavuta uzi, akauacha. Akasema, "Haraka haraka," na akanitazama.

Mama amerudisha mzigo wake. Katika wale akina mama watatu, mmoja amerudi. Wawili hawajarudi. Nilikwenda kwao mwenyewe nikawaeleza, mmoja akasema, "Nimekusikia mwanangu, umefanya vizuri kusema," na mzigo wake wiki hii umefungwa na yule mpya. Wameshamzoea, ndivyo walivyosema. Shifu ana kazi nusu ya aliyokuwa nayo, na hilo mimi sina uzi wa kulishona.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Kutu ni fundi wa kuchomea mageti. Asubuhi anakwenda kwenye karakana yake ya kando ya barabara, anachomea nondo za madirisha, nzuri kuliko za mtu yeyote, zenye maua. Nyumba ya jirani inashika moto. Watoto wawili wako ndani na dirisha lina maua yake. Wanatolewa kwa shida, mmoja hatembei vizuri tena. Basi siku ya kwanza anapogusa nondo na kuzigeuza vumbi, anafanya hivyo ili watu watoke. Wateja wa kinyozi watampigia makofi, utaona. Madirisha, halafu mageti, halafu kufuli, halafu chochote kinachoitwa chuma, halafu daraja. Tukubaliane naye mpaka ukurasa wa kumi, kisha tuogope kwamba tulikubali.

Na asianguke baharini. Sumaku anaushikilia upande mmoja wa daraja kwa nguvu zake zote, watu wanavuka wakikimbia. Mpita njia mmoja asiyejua lolote anamwona Kutu, anamtambua, anapunga mkono: "Shikamoo, Fundi!" Hapo ndipo aondoe mkono. Asishindwe kwa ngumi, wala Sumaku asimhutubie. Na chuma kilichooza kisirudi kung'aa. Nakuomba sana hapo, usije ukakitia mng'ao. Picha ya mwisho mchore amepiga magoti na brashi ya waya, anasugua. Daraja ni refu, liishie nje ya ukurasa.

Sasa kazi yako ya Ijumaa. Mama amempigia karani wa godauni la Dar. Marobota sita yenye jina la Kutu yapo, yamesukumwa kona ya mwisho. Karani anasema waliposoma walidhani ni onyo kwamba mzigo umeharibika, hakuna aliyetaka kuugusa. Lakini hatoi mzigo kwa maneno, na picha za simu hazitaki, anasema kila mtu anazo. Ndani ya bahasha hii nimeweka kile kipande cha boksi chenye rangi ya Shifu. Nenda nacho, kiweke juu ya robota, matone yatalingana moja kwa moja. Kisha rudi nacho nyumbani. Hilo ndilo jalada nililotaka kukutumia tangu Januari. Matone ya Shifu yana uzito kuliko yangu, yafuate yale.

Nisalimie Bibi, umbusu mkono na umwambie naswali kwa wakati, hata shuleni kuna kona. Msalimie kinyozi, mteja wetu wa kwanza, na umwombe avumilie kurasa kumi tu. Yule mtoto wa Shangazi anayepaka rangi kwenye nakala zetu mwambie nimemtunzia kalamu za rangi. Na Shangazi Mwantumu mpelekee sweta zake kwa mkono wako, umpe na barua yake niliyoiambatanisha. Hapo kibandani kwake watu watauliza ilikuwaje, kwa sababu najua nyumbani wote mmekuwa mkisema Wachina wamepoteza mzigo. Usiseme kulitokea makosa. Usiseme godauni. Sema ni Hidaya, alikuwa anasoma kitabu, na sema kwa sauti ili hata wa kibanda cha pili wasikie.

Mama anakupenda, yuko nyuma yangu anajifanya hasomi.

Mimi mdogo wako, mwenye malengelenge matatu,
Hidaya

Shifu anauliza Sumaku naye asubuhi anakwenda wapi. Nimemwambia nitakuuliza wewe.